Eksirei inaweza kuona sumaku? Piki ya CoO imepasuka wikiendi, Jumatatu imerudi kuwa moja

#1 Mtoto wa Makete
Wakuu habari za saa hizi. Niko masomoni ughaibuni, baridi ya Januari, napiga masters ya mambo ya fuwele. Ijumaa jioni niliacha unga wa kobalti oksaidi (CoO) kwenye mashine ya difraksheni ya eksirei (inayoonyesha atomu zimejipangaje), tyubu ya shaba, nikaiseti ipige taratibu usiku kucha, nikaenda kulala. Usiku huohuo mfumo wa joto wa jengo ukafa. Jumamosi naingia maabara kipimajoto cha ukutani kinasoma 9, mikono haishiki hata kalamu. Kufungua grafu, piki (kilele cha grafu) ya digrii 42.4 ina bega upande wa kulia, na ile ya 92.6 ndo imepasuka kabisa, vichwa viwili. Jumatatu wakaleta hita za kuchomeka, chumba kikafika 21, nikapiga tena sampuli ileile, sijaigusa, haijatoka hata kwenye kishikizo chake. Piki moja moja, safi.

Msimamizi kaangalia sekunde kumi, kasema "hiyo ni sumaku", huyo kikaoni. Sasa mimi nilifundishwa eksirei inagonga elektroni na kurudi, mambo ya sumaku ni ya nyutroni. Naomba kujuzwa, eksirei inaona sumaku au nimepigwa chenga?

#2 Bodaboda wa Chanika
Nimeona kichwa cha uzi "piki imepasuka" nikaja mbio na tairi mkononi 😂😂

#3 Nyutroni Damu
Umepigwa chenga. Eksirei inaona chaji, basi. Sumaku imeonwa kwa nyutroni kwa sababu nyutroni yenyewe ni kisumaku kidogo, ikipita kwenye fuwele inahisi kila atomu imeelekea wapi. Shull na Smart 1949 walichukua manganizi oksaidi, wakaipooza mpaka 80 K, zikatokea piki mpya ambazo kwenye joto la kawaida hazipo, mahali ambapo kimia cha atomu peke yake hakiwezi kutoa piki. Ndo ushahidi wa kwanza kwamba atomu jirani zinaelekea kinyume. Shull akapewa Nobel yake pale pale. We rudia kipimo, kuna kitu kilicheza.

#4 Mkemia Mstaafu
Kijana shikamoo hujatoa lakini nakujibu. CoO ya unga ukiiacha vibaya inakula oksijeni inakuwa Co3O4. Ile ina piki yake ya 36.9 inakaa ubavuni mwa 36.5 ya CoO, unaona bega unadhani umegundua kitu. Nimeona wanafunzi wengi wameandika sura nzima ya tasnifu juu ya uchafu.

#5 Ticha wa Likoni
@Nyutroni Damu taratibu mwanangu. Nobel ya Shull ni 1994, miaka 45 baadaye, pamoja na Brockhouse. Si pale pale.

Na kwa mwenye uzi, msimamizi wako hakukudanganya ila kakupa nusu ya maneno. Eksirei haikuiona sumaku, imeona nyayo zake. CoO juu ya joto fulani ni mchemraba kamili, pande zote sawa, kama 4.26 angstromu. Chini ya hapo spini za kobalti, yaani visumaku vya atomu zake, zinajipanga kinyume-kinyume, na zikijipanga zinauvuta mchemraba: upande mmoja unafupika, miwili inarefuka kidogo. Mchemraba ukishakuwa boksi, ile piki ambayo ilikuwa ya pande tatu zinazofanana sasa inagawanyika, pande mbili ndefu zinakaa kushoto na ule mfupi unaenda kulia. Tazama grafu yako, kichwa cha kushoto kinafaa kiwe kikubwa karibu mara mbili ya cha kulia. Nambie kama siyo.

Na hilo joto, la Néel, kwa CoO liko kama 290 K. Toa 273 upate selsiasi. Ni 17 hivi. Maabara yako ilikuwa 9, kisha 21. Wallahi umevuka mpaka bila kujua, watu wengine wanalipia heliamu kuupata.

#6 msomaji_kimya
Kumbe 17 tu? Maana yake Dar CoO haijawahi kujipanga hata siku moja toka dunia iumbwe, ila Makete usiku wa Juni inajipanga yenyewe kwenye chupa 😀

#7 Mtoto wa Makete
Shikamoo mzee #4. Nimeangalia, 36.5 haina bega lolote na 31.3 ambako Co3O4 lazima ionekane ni tambarare. Halafu uchafu ungeondokaje Jumatatu?

Ticha, cha kushoto ni kikubwa kweli. Nywele zimesimama.

#8 Mkemia Mstaafu
Marahaba. Basi siyo uchafu. Lakini bado sijashawishika.

#9 kibarua_wa_maabara
Ngojeni kwanza kabla hamjampa jamaa PhD. Tyubu ya shaba inatoa mistari miwili, Kα1 na Kα2, na kwenye pembe kubwa inaachana. Hapo 92.6 zinaachana kama digrii 0.3, na kichwa cha kushoto DAIMA ni kikubwa mara mbili ya cha kulia. Yaani ni ile ile picha Ticha anayosema. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea bosi "fuwele mbili" nikachekwa na ofisi nzima, mpaka leo nikiingia wananiuliza mapacha hawajambo.

#10 Ticha wa Likoni
@kibarua ahsante, hilo lilikuwa lazima lisemwe. Lakini Kα2 haiendi likizo Jumatatu. Ingekuwa ni hiyo ingekuwepo siku zote mbili. Na kwenye 42.4 mistari hiyo iko karibu mno haitoi bega la kuonekana hivyo.

Kipimo cha kukata mzizi: angalia piki ya 222, iko kama 77.6. Hiyo inatazama kona ya mchemraba, na kona haijui upande gani umefupika. Kama ni boksi, 222 itabaki moja huku 400 (ile yako ya 92.6) imepasuka. Kama kitu kimechezea kifaa chote, vyote vitaharibika.

#11 Mtoto wa Makete
222 ni moja. Siku zote mbili.

#12 Nyutroni Damu
Sawa nakubali kimia kimebadilika (na Nobel nakubali, nilikurupuka). Ila hapo ndo pointi yangu inakaa vizuri zaidi. Mmeona UMBO limebadilika, nani kawaambia ni sumaku? Kuna vitu kibao vinabadili umbo kwa baridi bila sumaku yoyote. Eksirei imewaambia mlango umegongwa, haijawaambia nani kagonga.

#13 Fundi Nyundo Mbeya
Mimi siyo msomi ila hapa nina la kusema. Ni mhunzi, natengeneza visu na patasi kwa springi za magari. Chuma kikiwa kwenye moto natumia sumaku ya spika iliyofungwa kwenye waya. Nakigusa, kinashika, narudisha. Nakigusa tena, kinashika. Ikifika rangi fulani ya wekundu naleta sumaku haishiki kabisa, kama unagusa jiwe. Hapo naacha kidogo tu kisha naingiza kwenye oili. Marehemu baba alinifundisha "chuma kikishasahau sumaku ndo kimeiva". Sasa hapo umbo linabadilika au sumaku tu ndo inapotea? Siku zote nadhani ni kitu kimoja.

#14 Dada Sinkrotroni
Fundi umeuliza swali ambalo liliwagombanisha wakubwa miaka thelathini.

Chuma safi kinapoteza usumaku 770. Ukikipima joto kinachokula pale unaona kabisa mruko, kwa hiyo wazee wa zamani wakasema lazima pale kuna aina nyingine ya chuma, wakaiita beta. Alfa chini, beta katikati, gama juu ya 912, delta juu zaidi. Halafu ikaja eksirei. Westgren wa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1920 akakipiga chuma kikiwa cha moto vilevile, akakuta alfa na beta ni mpangilio uleule mmoja, atomu kwenye kona na moja katikati, hakuna kilichohama. Beta ikafutwa. Ndo maana mpaka leo vitabu vinaruka kutoka alfa kwenda gama na mwanafunzi anajiuliza herufi imeenda wapi.

Kwa hiyo kwa chuma, pale 770 sumaku inaondoka na umbo linabaki. Umbo linakuja kubadilika baadaye kwenye 912, ingawa kwenye springi zako zenye kaboni linabadilika mapema, karibu na hapohapo, ndo maana ya "naacha kidogo tu". Baba alikuwa sahihi kwa patasi.

Sasa eksirei kuona sumaku. @Nyutroni Damu post #3 umesema inaona chaji basi, siyo kweli. Inaiona ila kwa shida ya ajabu, mwangwi wa sumaku ni mdogo kuliko wa chaji kwa kiasi cha mara milioni. De Bergevin na Brunel, Ufaransa, 1972, walichukua fuwele ya nikeli oksaidi na tyubu ya kawaida ya maabara, wakakaa kuhesabu fotoni moja moja kwa muda mrefu mpaka wakaipata piki ya sumaku. Subira ya kuchambua mchele wa msiba. Baadaye sinkrotroni, mitambo mikubwa ya eksirei kali, zikaja, na 1988 Gibbs na wenzake wakaona ukiichagua nishati ya eksirei ilingane na ukingo wa metali ya holmi, nishati ambapo inaanza kuimeza eksirei ghafla, kama 8.07 keV, mwangwi wa sumaku unaongezeka mara kama hamsini. Toka hapo watu wanafanya kazi nzima ya sumaku bila nyutroni.

Lakini wewe Makete kwa tyubu yako na usiku mmoja hujaona hiyo. Umeona umbo.

#15 Fundi Nyundo Mbeya
Dada ubarikiwe. Leo namwambia mwanangu kuna chuma kilifutwa.

#16 Mfanyabiashara Huru
Samahani kutoka nje ya mada, hiyo mashine inaweza kupima rupia ya Mjerumani kama inavuta mchele? Nina mteja.

#17 Bodaboda wa Chanika
@Mfanyabiashara mteja wako ndo anavutwa 😂

#18 Bwana Gadolini
Mnazungumzia CoO mmesahau gadolini. Ile ni metali, joto lake la Curie, pale usumaku unapopotea, ni kama 20. Asubuhi Njombe sumaku inaibeba, ukiileta Dar mchana inaanguka. Na joto hilo limepewa jina la Marie Curie.

#19 Ticha wa Likoni
Pierre, mumewe. Kazi yake ya 1895. Mama ana mambo yake mengine.

#20 kibarua_wa_maabara
Na haianguki kihivyo bhana @Bwana Gadolini. Nimewahi kushika kipande, kwa sumaku kali ya neodimi bado inavutwa hata chumba kikiwa 27, inalegea tu taratibu. Siyo swichi.

Ila gadolini ni mfano mzuri kwa sababu umbo la fuwele halibadiliki kabisa pale 20, ni heksagoni juu na chini. Kinachotokea ni kwamba ule urefu wa kwenda juu, mhimili c, badala ya kufupika ukipooza kama vitu vyote vya Mungu, chini ya joto la Curie unaanza kurefuka. Kwenye grafu unaona piki inatembea, inafika hapo inageuka inarudi ilikotoka. Hakuna kupasuka. Usipoweka nukta nyingi za joto unapitiliza hujui kama umepita.

#21 Mama wa Watatu
Gadolini si ndiyo ile dawa wanadungia mtu kabla ya MRI? Nilidungwa mwaka juzi. Isije nikaenda Njombe nikashikwa na sumaku 😳

#22 Dada Sinkrotroni
Ndiyo hiyo mama, ila pale imefungwa ndani ya molekuli, ioni moja moja, siyo metali. Haiwezi kujipanga. Nenda Njombe kwa amani, beba sweta.

#23 Mkemia Mstaafu
Narudi kwa kijana. Kuna mtu kafikiria kwamba maabara ikipoa KILA KITU kinapoa? Kishikizo kinajikunja, uso wa sampuli unashuka, piki zinahama. Na CoO yenyewe inajikunja kwa baridi.

#24 kibarua_wa_maabara
Mzee nimepiga hesabu. Baridi ya digrii 12 inafupisha kimia kwa kama sehemu mbili kwa elfu kumi, piki ya 92 inahama sehemu mbili kwa mia ya digrii hivi. Na uso kushuka kunazihamisha piki zote upande mmoja. Kuhama sawa, kupasuka hapana.

Mimi kinachonisumbua ni kingine: 9 ni ya ukutani. Ndani ya boksi kuna tyubu, kuna injini za mikono, kuna maji ya kupooza ambayo mara nyingi ni ya 20 na kitu. Sampuli ilikuwa ngapi haswa? Na joto la Néel la CoO watu hawaliandiki namba moja, wengine 287 wengine 293, inategemea umetengenezaje unga. Kama ndani ilikuwa 14 na unga wako ni wa 287, ambayo ni hiyohiyo 14, basi mko kwenye mstari kabisa na mpasuko ulitakiwa uwe mdogo mno. Unaanzia sifuri pale mpakani unakua kadiri unavyopooza, mpaka kwenye baridi kali kabisa ndo unafika asilimia moja na kidogo. Makete vichwa vyako vimeachana kiasi gani?

#25 Mtoto wa Makete
Kama 0.6. Ndani ya boksi sikupima 😔

#26 kibarua_wa_maabara
0.6 ni nusu asilimia. Ni nyingi kwa 14, inawezekana kwa 9. Au Kα2 imekuongezea. Toa Kα2 upime upya.

#27 Lushois
Jambo ba ndugu. Miye niko Lubumbashi. Ile kobalti yote munasemea inatokaka huku kwetu Katanga, siye tunaonaka tu makamyo inapita kuelekea Kasumbalesa. Hakuna mutu alishaka kutuambia iko na akili ya kubadilika mu baridi. Juni huku usiku kunapoaka sana. Sasa ni kobalti yenyewe ama ni ile oksaidi tu?

#28 Ticha wa Likoni
Karibu ndugu wa Lubumbashi. Ni oksaidi tu. Kobalti metali inabaki sumaku mpaka kama 1100 selsiasi, hiyo hata fundi wa #13 atatoka jasho.

#29 Nyutroni Damu
Bado hakuna aliyejibu #12. Nani kagonga mlango?

#30 Dada Sinkrotroni
Sawa tukae hapo, maana ndo penyewe.

MnO (manganizi oksaidi), NiO (nikeli oksaidi) na CoO zote zimepangika kama chumvi ya mezani, mchemraba uleule, na zote zinajipanga kinyume. Lakini MnO na NiO zikijipanga zinabonyea kupitia kona, mchemraba unakuwa kama umekaliwa, na kwa NiO ni kidogo tu, sehemu moja au mbili kwa elfu. Huko spini ndo zinavuta, tabaka zinazotazamana kinyume zinasogeleana. CoO haifanyi hivyo. Inafupika kwa upande, na kwa nguvu mara kadhaa kuliko NiO. Kwa nini? Kwa sababu wingu la elektroni la kobalti siyo duara, lina umbo, na spini imefungwa kamba na hilo umbo. Spini ikichagua mwelekeo wingu linageuka nalo, kimia kinafuata. Kwa hiyo mimi nasema mgongaji ni sumaku, ila mkono uliogonga ni wa orbita, yaani hilo wingu.

#31 Ticha wa Likoni
Mimi nasema kinyume, wingu ndilo linalotaka kujinyoosha kwanza, spini zikapata njia. Kama ni sumaku tu, mbona juu ya 17 vijikundi vya spini vilivyojipanga bado vipo na mchemraba haujali?

#32 Dada Sinkrotroni
Kwa sababu vijikundi kila kimoja kinavuta upande wake Ticha, ukiwajumlisha unapata mchemraba! Hiyo ni hoja yangu siyo yako.

#33 Ticha wa Likoni
Ni yangu pia. Kikundi kimoja kimevutwa, ama hakikuvutwa? Kimevutwa. Nani alianza?

#34 Bodaboda wa Chanika
Kuku na yai lakini kwa Kelvin

#35 Bwana Gadolini
Mkitaka ambayo haina ubishi chukueni chuma na metali ya rodi (rhodium) nusu kwa nusu, FeRh. Karibu na 100 ya selsiasi ukipasha inatoka kinyume-kinyume inakuwa sumaku kamili, na inavimba asilimia moja. Hapo mchemraba unabaki mchemraba pande zote mbili, ni ukubwa tu. Katikati ya safari unaona piki mbili kwa pamoja, ya zamani inafifia mpya inapanda, na ukipooza hairudi palepale, inachelewa kama digrii kumi. Ile ni ya kuruka, siyo ya kuteleza kama gadolini.

#36 Nyutroni Damu
Haina ubishi? Hapo ndo ugomvi mkubwa kabisa, kama imevimba ndo ikawa sumaku au imekuwa sumaku ndo ikavimba, watu wanaipiga mpaka na leza waone kipi kinatangulia.

Makete nisikilize, leta unga huo kwenye nyutroni. Hata Afrika ipo, Afrika Kusini pale Pelindaba wana difraksheni ya nyutroni kwenye kinu cha SAFARI-1. Piki ya sumaku ikitokea joto lilelile umbo linapobadilika basi nitanyamaza.

#37 Dada Sinkrotroni
Hutanyamaza.

#38 Nyutroni Damu
Sitanyamaza.

#39 Mkemia Mstaafu
Kijana, tyubu ya shaba kwa sampuli ya kobalti, sakafu ya grafu yako si imepanda juu kama maji ya mafuriko? Fotoni ya shaba ina 8.05 keV, ukingo wa kobalti ni 7.71, sampuli yote inawaka kwa eksirei zake yenyewe. Ungetumia tyubu ya kobalti ungeona mambo haya kwa robo ya muda. Hilo hakuna aliyekuambia, wote wanabishana nani kaanza.

#40 Mtoto wa Makete
Mzee kweli imepanda, nilidhani ndo kawaida. Asante sana.

Update: nimetoa Kα2, mpasuko umebaki 0.5 hivi. Nimebandika kipimajoto kidogo kwenye kishikizo kwa utepe. Nikaandaa kila kitu nirudie leo. Saa nne asubuhi fundi wa jengo kaja, kageuza valvu moja dakika tano, joto limerudi. Chumba 22. Piki moja.

#41 kibarua_wa_maabara
Fungua dirisha

#42 Mtoto wa Makete
Madirisha ya huku hayafunguki mkuu. Nimeandika barua pepe kuomba wazime hita ya chumba chetu usiku mmoja. Wamenijibu nijaze fomu ya malalamiko ya ubaridi.